Vanishi ya Upande Mmoja

Harufu ya vanishi ilimpokea Sajini Andwele kabla hajapiga hodi. Ilivuka ua wa matete, kali, ikachanganyika na moshi wa jikoni. Alikuwa amealikwa chai. Mzee Mbonile, Bwana Shamba wa mkoa, alimtumia salamu kituoni asubuhi kwamba akitoka kazini apite Milanzi wampongeze, maana mji mzima wa Sumbawanga ulikuwa ukimsifu kwa kumkamata dereva aliyemgonga Bibi Luciana na kumwacha mtaroni.

Andwele hakusubiri mlangoni. Alizunguka nyumba mpaka uani kama mtu wa nyumbani. Alipohamishwa kutoka Mbeya kuja Rukwa, mkoa ukiwa bado mchanga na nyumba za watumishi hazitoshi, Mzee Mbonile ndiye aliyempokea kwa kuwa wote ni watu wa Rungwe. Alimpa chumba, na mkewe, Mama Suma, alimlisha mpaka alipopata nyumba ya polisi. Mzee alimwita mwanangu. Andwele alimwita baba, na alilitamka neno hilo kwa moyo.

Mzee alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa gari lake, mikono ya shati imekunjwa, brashi mkononi. Gari lenyewe lilikuwa Moris ya zamani, ya aina ile ambayo nusu yake ya nyuma imezungushiwa fremu ya mbao kwa nje. Watoto wa Milanzi waliliita Kabati. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akatembea nalo miaka kadhaa, na tangu masika lilikuwa limekaa juu ya mawe pale uani, halina hata tairi moja. Matairi hayakuwa yakipatikana mkoani. Kazini mzee alikuwa akipelekwa na Land Rover ya serikali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Usinishike mkono, nimejaa vanishi."

Andwele alisimama kumtazama akifanya kazi. Mzee alipenda kueleza mambo, akaeleza na hili. Mbao za gari lile zilikuwa zikibanduka rangi muda mrefu. Maji ya mvua huingia kwenye maungio na kukaa chini ya vanishi, kisha jua linapowaka vanishi inainuka na kujikunja kama ganda la kitunguu. Mtu mvivu hupaka mpya juu ya ile iliyoinuka, na baada ya muda mfupi zote mbili zinadondoka. Yeye alikuwa amekwangua kwa kipande cha kioo mpaka akaiona mbao safi, akapiga msasa mkali, halafu msasa laini, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na sasa alikuwa kwenye mkono wa pili wa vanishi. Alipaka kwa kufuata mistari ya mbao, taratibu, bila kurudia alipopita.

Ilikuwa kazi nzuri. Ubavu wa kushoto uling'aa kama asali. Kwenye nguzo ya nyuma, usawa wa nyonga ya mtu, palikuwa na kiraka cha mbao mpya chenye ukubwa wa kiganja, kimechongwa kikaingia sawasawa, na nyufa zake zimejazwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno.

Andwele alizunguka mpaka ubavu wa kulia. Huko vanishi ilikuwa ileile ya zamani, imeinuka, inaning'inia vipande vipande. Akauliza kwa nini ameanzia kushoto.

"Kila kazi ina pa kuanzia," alisema Mzee Mbonile bila kuinua macho.

Jibu hilo halikuwa na kosa. Andwele angeliacha lipite, lakini alikuwa ameshagusa kipande kimoja kilichoinuka, nacho kikabaki kwenye ncha ya kidole chake. Kilikuwa chembamba, cha rangi ya kahawia. Alikuwa ameviona vipande kama hivyo wiki ile.

Bibi Luciana alionekana Jumatatu alfajiri, mtaroni kando ya barabara ya Msanzi, na wanawake waliokuwa wakienda kuvuna mahindi. Alikuwa ameegemezwa kwenye ukingo wa udongo, amefunikwa shuka yake mabegani, kikapu chake cha ulezi kimewekwa pembeni. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema nyonga peke yake isingemuua. Baridi ya Julai ndiyo iliyommalizia, na baridi ya Ufipa haina haraka. Huenda ilimchukua usiku mzima. Kwenye shuka Andwele alikuta vipande vidogo vya kahawia vimeng'ang'ania nyuzi, akavifunga kwenye karatasi. Bintiye marehemu, Bertilla, alipokabidhiwa kikapu aliingiza mkono ndani akasema ulezi wa mama yake umechanganyika na udongo, kana kwamba ulimwagika ukazolewa. Andwele alisikia maneno hayo. Hakuyafuata.

Hakuyafuata kwa sababu tayari alikuwa na gari na dereva. Magari ya watu binafsi yalikuwa yamepigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kuokoa petroli. Chombo pekee kilichojulikana kupita njia ile jioni hiyo ni lori la kijiji cha Ujamaa alikokaa marehemu, lililokuwa na kibali cha kubeba mbolea. Bodi lake lilikuwa la mbao, na rangi yake ya kahawia ilikuwa ikidondoka. Dereva aliitwa Zenon. Alipoulizwa kama alimwona Bibi Luciana barabarani, aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, na hakujibu. Andwele alimfunga pingu palepale sokoni, katikati ya watu, gunia la mahindi likiwa bado begani mwake. Mtu mmoja alimtemea mate. Jioni ile Mkuu wa Polisi alimpa Andwele mkono mbele ya askari wote.

Sasa alisimama uani Milanzi na kile kipande kidoleni.

"Baba, nipe msasa nikusaidie upande huu," alisema. "Wawili tutamaliza mapema."

Mzee alisita, kisha akacheka, akasema mgeni hafanyi kazi siku ya kualikwa. Andwele alikwishavua koti. Alichukua kipande cha kioo kilichokuwa kwenye bati, akatandika leso yake chini ili asichafue uwanja, akaanza kukwangua. Vipande vilidondoka juu ya leso. Alipochuchumaa hivyo macho yake yalikuwa usawa wa mawe yaliyobeba gari, na hapo akaona jambo la pili. Pembezoni mwa kila jiwe majani ya uani yalichomoza, yamelala, lakini mabichi. Akaingiza kidole chini ya ukingo wa jiwe moja. Hata huko majani yalikuwa hai. Jiwe lililokaa tangu masika huacha chini yake udongo mtupu na machipukizi meupe. Haya yalikuwa yamewekwa juzijuzi.

Aliendelea kukwangua.

Mama Suma alileta chai na viazi vya kuchemsha kwenye sinia. Kwa kawaida mama huyo alikuwa mwingi wa maneno, lakini siku hiyo aliwawekea vikombe bila kukaa. Alipokwisha kumimina alimuuliza Andwele kama yule dereva anakula huko mahabusu, na kama ana watoto. Andwele alisema anakula kidogo, na watoto anao. Mzee akamwambia mkewe aache mambo ya kazi ya watu. Mama Suma akarudi jikoni.

Kabla ya kuondoka Andwele alikunja leso yake, akaitia mfukoni. Mzee Mbonile alimsindikiza hadi barabarani, akamshika bega, akasema Rungwe yote ingejivunia kijana kama yeye. Andwele alishukuru kwa lugha ya kwao, akasema ndaga, baba.

Lori la kijiji lilikuwa nyuma ya kituo, limeegeshwa karibu na ukuta. Jua lilikuwa bado halijazama. Andwele alifungua ile karatasi yenye vipande vya kwenye shuka ya marehemu, akafungua leso, kisha akakwangua bodi la lori kwa kisu cha mfukoni. Akawa na mafungu matatu kwenye ubao wa nyuma wa lori.

Alichukua kipande cha lori akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa rangi nzito, mwanga haupenyi, na upande wa nyuma kilikuwa na rangi nyingine ya kijani iliyopakwa zamani. Alichukua kipande cha Moris. Jua lilipita ndani yake kama linavyopita kwenye chupa. Akachukua kile cha shuka. Jua lilipita.

Alirudia na kipande kingine, na kingine tena, ingawa hakukuwa na haja. Kazi nzima ilikwisha upesi kuliko kunywa kikombe cha chai. Siku aliyomkamata Zenon lori lilikuwa mbele yake, karatasi mfukoni, jua angani, naye hakuifanya. Alikusanya vipande kila kimoja mahali pake, akaegemea bodi la lori kwa muda, uso ameugeuzia ukuta, kwa kuwa konstebo mmoja alikuwa akipita kwenda kuchota maji na hakutaka amwone.

Kisha aliingia mahabusu.

Zenon alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani. Andwele hakubaki amesimama kama siku zilizopita. Alikaa naye chini.

"Zenon, niambie ulivyomwona Bibi Luciana Jumapili ile."

Zenon alimtazama kwanza, kama anayetafuta mtego.

"Afande, kila siku umeniuliza kwa nini nilimgonga," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza nilimwonaje."

Akasimulia. Alikuwa akitoka mjini na mbolea. Alimkuta bibi amevuka kijito, kikapu kichwani, anatembea peke yake kurudi kijijini. Bibi alilitambua lori akainua mkono. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekataza kupakia watu juu ya mzigo, na Zenon alikuwa na haraka ya kushusha kabla ya giza. Alimpungia bibi, akapita. Kwenye kioo alimwona akishusha mkono wake polepole, akajitwisha vizuri kikapu, akaendelea kutembea. Bibi huyo ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza siku mkewe Klementina alipojifungua nyumbani usiku wa mvua.

"Kwa nini hukusema hivyo sokoni?"

"Ningesema nini? Kwamba sikumgonga, nilimpita tu? Ningesimama, angelala nyumbani kwake. Uliponitajia jina lake sikuweza kukutazama."

Andwele alikumbuka kile kichwa kilivyoinama, na jinsi yeye alivyofurahi kukiona kimeinama. Aliuliza kama baada ya hapo Zenon alikutana na chombo kingine.

"Gari dogo, lilitokea upande wa Msanzi likienda mjini. Lilikuwa mbio. Jua lilikuwa machoni mwangu na vumbi langu lilikuwa jingi, sikulitambua. Nilishangaa tu, maana ilikuwa Jumapili na saa nane zilishapita zamani."

"Hukunitajia hilo gari."

"Wewe ulikuwa umeshajua, afande."

Mkuu wa Polisi alimsikiliza Andwele akiwa amesimama dirishani. Hakufurahi. Mzee Mbonile alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mkoa ya kubana matumizi ya petroli. Miezi michache nyuma alipanda jukwaani kwenye uwanja wa mpira, akauambia umati kwamba mtu anayeendesha gari lake Jumapili mchana anainyonya nchi damu. Mkuu aliuliza kama Andwele ana hakika. Andwele alisema ya kutosha kuuliza. Mkuu akasema aende akaulize, lakini kwa adabu, na Zenon abaki alipo mpaka jibu lipatikane. Andwele aliomba angalau Zenon apewe blanketi la pili. Alilitoa nyumbani kwake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, alikwenda Milanzi na Konstebo Dominiko, ambaye alimwacha kwenye Land Rover. Mzee Mbonile alikuwa tayari kwa ibada, ndani ya suti yake ya kijivu, Biblia mezani. Alimkaribisha Andwele kwa furaha, kisha akaona sare, akaona na uso.

"Baba," alisema Andwele, "gari lako lilitembea Jumapili iliyopita."

Mzee alikaa. Akasema gari halina matairi, kila mtu anajua. Andwele akamweleza majani mabichi yaliyo chini ya mawe. Mzee akasema aliyasogeza mawe ili kusafisha uwanja. Andwele akaweka leso na karatasi mezani, akaeleza vipande vilivyotolewa kwenye shuka ya marehemu na vile vya Moris, na jinsi vyote viwili vinavyopitisha mwanga wakati vya lori havipitishi. Mzee akasema vanishi ni vanishi, hata milango ya kanisa imepakwa vanishi. Andwele akauliza kiraka cha nguzo ya kushoto kimeziba nini.

"Mbao ilioza."

"Iliyooza umeitupa wapi, baba?"

Mzee Mbonile aliiweka mikono mezani. Alikuwa na mikono mizuri, mikubwa, na kwenye kucha vanishi ilikuwa bado haijatoka.

"Mwanangu," alisema hatimaye kwa sauti ndogo, "ulikula katika nyumba hii."

"Nilikula. Ndiyo maana nimekuja mimi, na si mtu mwingine."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu. Mama Suma alisimama hapo, kitambaa cha ibada kichwani. Hakuna aliyejua amesimama kwa muda gani. Hakumtazama Andwele. Alizungumza na mumewe, taratibu, kama anayemkumbusha kitu cha nyumbani.

"Jumatatu nilifua suruali yako. Kwenye pindo nilitoa ulezi. Sisi hatupiki pombe, na shamba letu halina ulezi. Niliuosha nikaumwaga, nikanyamaza. Mchana wake nikasikia bibi amekutwa na kikapu cha ulezi. Nikaendelea kunyamaza." Akakaza kitambaa kichwani. "Yule kijana amelala ndani siku zote hizi, na mimi jana nikamwuliza Andwele kama anakula."

Mzee Mbonile aliweka mkono juu ya macho. Alipouondoa, alisema yote, na hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

Matairi aliyapata kwa mfanyabiashara mmoja wa kwao, akayafunga kimya kimya, na aliporudi akayafungua na kulirudisha gari juu ya mawe. Jumapili ile alitoka kabla watu hawajaamka, kwenda kuhubiri kwenye kusanyiko moja dogo mbele ya Msanzi. Baada ya ibada waumini walimng'ang'ania ale nao, na saa nane zikapita akiwa mezani. Angeweza kulala huko. Aliona aibu kuwaambia wenyeji kwa nini analala, yeye mwenye kamati, akaamua kurudi mbio. Waliomwona huko hawakuja kusema lolote, kwa kuwa siku mbili baadaye habari ilienea kwamba muuaji amekamatwa sokoni.

Alipokutana na lori alizama ndani ya vumbi lake. Bibi alitokea katikati ya vumbi. Alikata usukani kulia, akamkwepa kwa mbele, lakini changarawe zikateleza na mkia wa gari ukamfagia kwa ubavu wa kushoto. Alisikia mbao ikipasuka.

"Nilisimama," alisema. "Andwele, nilisimama. Alikuwa hai. Alikuwa anazungumza."

Alimwegemeza kwenye ukingo, akamfunika shuka, akazoa ulezi wake kwa mikono mpaka punje za mwisho. Bibi alimwomba ampeleke hospitali. Kufika Milanzi kulikuwa na njia ya mashambani ambayo haina macho. Kufika hospitali hakukuwa na njia ila kupita katikati ya mji, Jumapili jioni, na gari ambalo hakuna asiyelijua.

"Adhabu ya kuendesha Jumapili ni ndogo, baba."

"Naijua adhabu yake, niliitangaza mimi. Nilikuwa naogopa nyuso zao." Akapumua. "Nilimwambia akae, nitatuma gari la kumchukua. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni Bwana Shamba. Akashukuru Mungu. Akasema mtu wa serikali akisema gari linakuja, linakuja."

"Ulituma?"

"Nilisema giza likiingia nitatuma. Lilipoingia nikasema labda wapita njia wameshamchukua. Nililala nikisema hivyo."

Mama Suma aliingia, akachukua Biblia mezani, akaipeleka chumbani, akarudi bila kitu mkononi. Andwele alisimama, akatoa pingu, akaziangalia, akamfunga mzee kwa mbele. Mzee aliuliza kama anaweza kuwekewa koti juu ya mikono. Andwele alimwekea.

Zenon aliachiwa kabla ya saa sita. Andwele alimwambia mbele ya askari wa zamu kwamba alimkamata bila kosa, na kwamba kosa lilikuwa lake yeye Andwele, si la mtu mwingine. Zenon alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Aliuliza ni nani atakayekwenda kumwambia Bertilla. Andwele akasema anakwenda sasa hivi.

"Basi nami naenda," alisema Zenon. "Nina yangu ya kumwambia."

Land Rover ilipanda na kushuka kwenye mbuga zilizokauka, upepo ukipiga turubai, na walipovuka kijito Zenon aligeuza uso upande mwingine. Andwele alipunguza mwendo kidogo bila kujua kwa nini, kisha akaongeza.

Watu wa kijiji walikuwa wametoka kanisani na walikuwa wamekaa mbele ya nyumba zao mpya zilizopangwa mstari kando ya barabara. Walipomwona Zenon akishuka pamoja na polisi bila pingu, baadhi waliinuka, wengine wakaketi tu, hawajui waonyeshe uso gani. Bertilla alikuwa akianika mahindi kwenye mkeka. Alijifuta mikono, akawaletea vigoda viwili. Hakuna aliyekaa.

Zenon alitangulia. Alisema alimkuta mama akitembea, mama akampungia, yeye hakusimama. Alisema hivyo tu, kwa maneno machache kuliko aliyoyasema mahabusu. Bertilla alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamsogezea kigoda kwa mguu, na Zenon akakaa.

Andwele alivua kofia. Alianza na kosa lake mwenyewe, kwa sababu alijua akiliacha mwisho atalifupisha. Akasema Zenon hakumgonga. Akamtaja aliyemgonga kwa jina na cheo, akaeleza gari, vumbi, na mbao. Njiani alikuwa amefikiria kumwambia Bertilla kwamba mama yake hakuteseka, na sentensi yenyewe alikuwa ameitayarisha. Maelezo yalipoufikia ukingo wa mtaro hakuitumia. Alisema mama alikuwa hai, akizungumza, na aliahidiwa gari. Alisema na yale maneno aliyoyasema mama kuhusu mtu wa serikali.

Hapo Bertilla aliinua mkono, na Andwele akanyamaza.

Bertilla hakulia. Aliwageukia majirani waliokuwa wamesimama mbali, wakijifanya hawasikilizi, akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Akamwita mwenyekiti wa kijiji. Akamtuma mtu akamwite Klementina na watoto wake. Alisubiri mpaka wote wakafika na kuzunguka ule mkeka wa mahindi, na alipoona uwanja umejaa alimgeukia Andwele.

"Ulipomkamata Zenon watu wote waliona," alisema. "Anza upya, wasikie."

Andwele aliishika kofia yake kwa mikono miwili, akaanza upya.